Kabla ya Wino Mwekundu

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na kila mara tumeifafanua kwa namna ile ile, yaani kwamba asiyesikia ni mkaidi. Haikupata kutujia akilini kwamba huenda asiyesikia ni yule ambaye sauti haikumfikia. Jambo hilo tulifunzwa na runinga ya nyumbani kwetu, na ndilo tunalotaka kuwasimulia walimu wenzetu.

Sisi tunakaa Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, mahali ambapo ardhi huanza kupanda kuelekea milimani. Lugha ya nyumbani na njiani ni Kirundi. Kifaransa ni cha shule na ofisi. Atakaye kukisikia Kiswahili kikizungumzwa mchana kutwa hana budi kushuka hadi Buyenzi. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya Kiswahili imezidi kukua, lakini mwanafunzi wa Musaga bado hukipata kama mtu atekaye maji mbali: mengi humwagika njiani.

Tunaishi na binti wa marehemu kaka yetu, ambaye wakati huo alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Ili kumsaidia, tulimwekea zoezi la imla kila jioni. Aketi mbele ya runinga, asikilize taarifa ya habari ya Kiswahili inayotufikia kutoka Dar es Salaam kwa njia ya king'amuzi, kisha aandike sentensi kumi kama alivyozisikia. Sisi nasi tulisahihisha kwa wino mwekundu.

Makosa yalikuwa yale yale. Msomaji wa habari akitaja thamani ya mazao, mtoto huandika samani ya mazao, utadhani mahindi yamegeuka meza na viti. Akitaja dhana ya uzalendo, mtoto huandika zana ya uzalendo. Sababu tuliijua, au tulidhani tunaijua: Kirundi hakina th wala dh, basi lugha mama inamvuta. Tukamwandikia orodha za maneno, tukamwamuru arudie, na mwishowe tukamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtoto, kwamba masikio yake ni ya mapambo. Kesho yake alituletea daftari tupu. "Shangazi," alisema akiwa ameinamisha kichwa, "afadhali nisiandike kuliko kuandika uongo."

Siku ya tatu alikwenda kumjulia hali bibi yake, nasi tukaketi kwenye kigoda chake, karibu na mlango. Taarifa ya habari ilipoanza, tulichukua kalamu kwa mzaha. Mzaha ukaisha upesi. Irabu tulizisikia, majina ya miji tuliyasikia, lakini palipokuwa na th, s, f au dh tulisikia upepo tu. Tulikuwa tukijaza mapengo kwa ujuzi wetu wa lugha. Mtoto asiye na ujuzi huo alikuwa akijaza kwa kubahatisha, nasi tulikuwa tukimwadhibu kwa kubahatisha vibaya.

Chanzo chake si kigumu kukieleza. Runinga za zamani, zile za kichogo, zilikuwa na kasha pana, na aghalabu spika zake zilimtazama mtazamaji. Runinga bapa za leo hazina nafasi hiyo. Spika zake ni ndogo, nazo mara nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, zikiuambia ukuta yale ambayo sisi tungependa kuyasikia. Sasa, nguvu nyingi ya irabu iko katika mitetemo ya chini, ilhali nguvu kubwa ya s iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, na th ni miongoni mwa konsonanti zilizo dhaifu kupita zote. Sauti za juu husafiri kwa mstari ulionyooka zaidi kuliko za chini. Zikielekezwa kando, hupotea. Irabu hufika, konsonanti hubaki njiani. Na kwa kuwa chumba chetu kina kuta za saruji na sakafu tupu, kilichosalia hurudi kama mwangwi.

Tuliuliza dawa yake, tukaambiwa ni saundiba. Hiki ni chombo chembamba kirefu, chenye spika kadhaa zilizopangwa safu moja, nacho huwekwa chini ya runinga kikimwelekea msikilizaji. Wapo wenzetu watakaopenda kukiita upao wa sauti, kwa kuwa kinafanana na zile pao za kuezekea. Sisi hatuna ugomvi na jina hilo, lakini dukani tulitumia lile la wauzaji, kwani mnunuzi anayebishana juu ya istilahi huuziwa ghali.

Fedha tulizokuwa nazo tulikuwa tumezitenga kwa ajili ya bati za jikoni. Hatukuwa na ruhusa ya kukosea. Tulishuka Buyenzi tukiwa na binti yetu, tukaingia katika duka dogo la vyombo vya umeme.

"Karibu Mwalimu," alisema mwenye duka, na papo hapo akafungulia muziki. Besi ikatingisha rafu. "Hii ina spika yake ya besi, inakaa chini. Wati zake tazama mwenyewe kwenye kasha. Jirani wote watajua umenunua."

"Ahsante ndugu yangu," tulijibu, "lakini jirani hawana mtihani. Tunaomba uzime muziki, utuwekee mtu anayesema."

Alishangaa, lakini alikubali. Tulikuwa na simu ambayo ndani yake tulikwisha kujirekodi tukisoma maneno ishirini: thamani, samani, dhana, zana, na mengineyo ya jamii hiyo, bila mpangilio. Binti alisimama mwisho wa duka akiwa ametupa mgongo, akaandika. Kwa ile saundiba kubwa yenye besi alipata kumi na mawili. Kwa nyingine ndogo, isiyo na spika ya chini lakini yenye kitufe cha kukuza sauti ya msemaji, alipata kumi na saba. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya kwanza. Mwenye duka alitazama karatasi, akacheka, akasema kwamba miaka yote ameuza spika kwa kutumia ngoma na hajapata kuona mteja akizipima kwa imla.

Mengine tuliyojifunza siku ile tunayaandika kwa manufaa ya wenzetu. Wati zinazoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye kasha mara nyingi ni za kilele cha kufumba na kufumbua, si za kazi ya kudumu. Tazama kwanza matundu ya runinga yako. Likiwapo tundu la HDMI lenye alama ya ARC, njia iliyoanza mwaka 2009, waya mmoja unatosha. Lisipokuwapo, kama kwetu, huenda likawapo lile la kebo ya mwanga. Bluetooth haina waya, lakini pengine sauti huchelewa nyuma ya midomo, na mwanafunzi wa lugha anaihitaji midomo. Pima urefu wa chombo usiuzidi upana wa meza. Na ukiwa na fedha ya ziada, chagua yenye spika ya katikati, kwa kuwa hiyo ndiyo hubeba mazungumzo.

Nyumbani tuliifunga kwa kebo ya mwanga, tukatandika mkeka sakafuni na kutundika pazia zito ukutani ili kupunguza mwangwi. Muujiza haukutokea. Mvua ikipiga juu ya mabati hakuna saundiba iwezayo kushindana nayo, na umeme ukikatika huwa tumerudi sote kwenye kibatari. Hata hivyo, jioni tulivu ya kwanza tuliamua kuandika imla sote wawili, kila mmoja na karatasi yake, kisha tukabadilishana.

Binti alikuwa ameandika: dhana ya maendeleo. Sisi tulikuwa tumeandika: zana ya maendeleo.

Tulirudia kuisoma karatasi yake, kisha yetu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi; sentensi nzima ilimtetea. Miaka arobaini na ushei imekwisha kupita juu ya masikio yetu, na inajulikana kwamba umri huanza kuchukua zile sauti za juu kabla ya nyingine. Kalamu ya wino mwekundu ilikuwa mkononi mwake, kwani ndivyo tulivyokubaliana. Aliishika kwa muda, asiandike kitu. Kisha akaifunika.

"Shangazi," alisema, "hata mimi nilikuwa nikisikia hivyo hivyo. Njoo ukae huku karibu."

Tulihama, tukaketi kwenye kigoda kando yake. Bati za jikoni bado hatujazinunua. Lakini siku hizi, kabla ya kumsahihishia mtoto yeyote imla, darasani au nyumbani, huenda kwanza kuketi pale alipoketi yeye, tukasikiliza kutoka hapo. Ndipo tunapofungua wino mwekundu, na mara nyingi tunaona hauhitajiki mwingi.