Moyo Mpya Ndani ya Kasha la Zamani



Wapendwa katika Kristo, juma hili napenda tutafakari jambo ambalo kwa juu juu halina sura ya kanisani: kompyuta kuukuu iliyowekewa ubao mama mpya. Naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa maana jambo hili limenisaidia kulitazama upya shauri zito lililoko mezani pangu tangu Kwaresima.

Ubao mama, au kama mafundi wetu wanavyouita, madabodi, ni lile bamba lililo ndani ya kompyuta ambalo viungo vyote hukutania juu yake: prosesa inayofikiri, kumbukumbu, diski, njia za umeme, na matundu ya kuchomekea waya. Ubao ukichakaa, watu wengi husema kompyuta imekufa. Kijana mmoja wa parokia yetu hapa Nkunga, anayefanya kazi Mbeya mjini, hakukubali kusema hivyo. Alinionyesha kompyuta yake ya mpakato aina ya ThinkPad X201, ambayo kwa nje ni mali ya mwaka 2010: kona zimepauka, na herufi A kwenye kibodi imefutika kwa kuandikiwa sana. Lakini alipofungua skrubu na kuinua kibodi, nikaona ubao ambao kiwanda kilichounda kompyuta ile hakikuwahi kuutengeneza.

Historia yake ni hii. ThinkPad za kwanza zilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1992, na umbo lake jeusi lililo sahili lilibuniwa na Mjerumani Richard Sapper, aliyeishi na kufanya kazi Milano. Mwaka 2005 kampuni ya Lenovo ya China ilinunua kitengo hicho cha IBM. Mwaka 2012 kibodi ya zamani yenye safu saba ikaanza kuachwa, na watu wengi walioipenda wakasikitika. Ndipo kundi la wapenzi wa kompyuta hizo nchini China, lijulikanalo kama 51nb, lilipofanya jambo la ajabu: lilisanifu bao mama mpya kabisa za kutoshea ndani ya makasha ya zamani. Ule wa X200 na X201 waliuita X210, nao ulienea mwaka 2018. Kila tundu la skrubu lilipaswa kuangukia mahali pake. Kila mlango wa waya ulipaswa kukutana na uwazi uliokwisha kukatwa kwenye kasha miaka mingi kabla. Kompyuta iliyokuwa na mwisho wa GB 8 za kumbukumbu sasa hupokea GB 32. Bao hizo zilitengenezwa kwa mafungu madogo, hazina dhamana ya kiwanda, na zina kasoro zake ndogo ndogo. Kijana wetu hakunificha hilo.

Nilipowasimulia wajumbe wa Halmashauri ya Walei habari hii, kwa kuwa kompyuta ya ofisi ya parokia nayo imezeeka, mzee mmoja aliinuka akasema: “Baba, lakini Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya divai mpya katika viriba vikuukuu.” Hoja yake ni nzito, nami sikutaka kuipita haraka. Kiriba kikuukuu hupasuka kwa sababu ngozi yake imekauka, nayo haiwezi tena kutanuka pale divai changa inapochacha. Basi Bwana hatuambii tukitupe kila kilicho cha zamani. Anatutaka tuwe na busara ya kupima: je, ngozi hii bado inatanuka? Na je, hiki ninachokitia ndani kitaisukuma kwa nguvu gani?

Fundi wetu kijana alipima vivyo hivyo. Alitazama bawaba kama bado zinashika, kasha kama halina ufa, feni kama inazunguka. Kisha akanieleza jambo lililonishangaza. Prosesa iliyokuja na X201 yake ilisanifiwa kwa kiwango cha joto cha wati 35. Ile iliyo kwenye ubao mpya ni ya wati 15 tu, ingawa ina viini vinne mahali pa viwili. Maana yake, moyo mpya unafanya kazi kubwa zaidi huku ukiuchosha mwili kidogo zaidi. Nilikumbuka ahadi ya Mungu kwa kinywa cha Nabii Ezekieli, ya kuondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama. Moyo wa jiwe ni mzito kuubeba. Mungu anapotufanya upya hatuongezei mzigo, anautua.

Wapendwa, jambo hili lina uzito pia kwa nyumba yetu sote, yaani dunia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 pekee ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyopasa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukemea juu ya utamaduni wa kutupa. Naye hakuishia kwenye vitu. Anayezoea kutupa vitu, mkono wake huzoea, na siku moja hujikuta anatupa watu.

Hapo ndipo lilipo shauri langu. Mezani pangu iko barua kutoka kigango kimoja ikiomba katekista wao, aliyewahudumia kwa zaidi ya miaka thelathini, apumzishwe. Mwenyewe amenipa ruhusa niliseme hili. Sababu zilizotajwa ni za kweli: hatumi taarifa kwa simu, anafundisha kama alivyofundishwa yeye, na vijana wa kipaimara wanapungua. Lakini mzee huyu huyu anajua kila mlango wa kigango kile. Anajua nani hajala Ekaristi kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, na nani ni mgonjwa asiyetaka kusema. Katika mvua zetu hizi za Rungwe, yeye ndiye anayefika kwanza penye msiba.

Tazameni kilichobaki katika kompyuta ile: kibodi, kasha, bawaba, yaani mahali ambapo mikono ya mtu hugusana na chombo. Sehemu hizo hazikuwa na kosa. Kilichohitaji kubadilika kilikuwa ndani. Halmashauri ya kigango isiseme, “Ni mzee, basi aondoke.” Wala sisi tunaompenda tusiseme, “Ni mzee wetu, basi asiguswe.” Kauli zote mbili ni za uvivu. Ya kwanza haitaki kutengeneza, na ya pili haitaki kufungua skrubu.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili kuliko mapadre. Mnapobebesha parachichi, mnachukua mche wa kienyeji uliokwisha kuizoea ardhi yetu, mkaupachika kikonyo cha Hass. Aina hiyo ilitoka kwa mpeleka barua wa California aitwaye Rudolph Hass, aliyeisajili mwaka 1935. Mti wake wa kwanza ulikufa mwaka 2002, lakini uhai wake unaendelea mashambani mwetu. Pale mzizi hubaki na tawi huja upya. Kwenye kompyuta, kasha hubaki na kilichofichika huja upya. Njia ni mbili, lakini katika zote mtu hukata kwa uangalifu, na hakuna kinachounganishwa bila kidonda. Mtume Paulo aliwakumbusha Warumi kwamba tawi lililopandikizwa lisijivune mbele ya shina, kwa kuwa shina ndilo linalolibeba.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Sitaitia sahihi barua ile. Kuanzia Jumamosi ijayo, vijana wawili wa VIWAWA wataketi na mzee wetu katekista: wao watamfundisha kutuma taarifa na kuandaa mafundisho yanayojibu maswali ya vijana, naye atawapeleka nyumba kwa nyumba, wajifunze yale yasiyoandikwa popote. Amekubali, ingawa aliniambia wazi kwamba imemuuma. Baada ya Majilio tutakaa tena na halmashauri yote tuone matunda. Na suala la kompyuta ya ofisi nawaachia wajumbe. Ninaomba tu kwamba, kabla ya kununua mpya, mtu aifungue kwanza aitazame ndani.

Juma hili, kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu: ni nani nyumbani mwangu niliyekwisha kumhesabu kuwa amekufa, kumbe hakuna aliyewahi kumfungua?

Tuombeane. Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu