Jina Lililopigwa juu ya Shoka

Mtu akirithi shoka la babu yake, kwanza hutazama makali, kisha mpini. Sisi twamwomba atazame na shavu la shoka, chini ya kutu, kwa maana mara nyingi humo mna jina la kiwanda. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita vijijini na mizani yao, nao hulipa kwa kilo tu; chuma kizuri na kibaya kwao ni kimoja. Mjane akiwapa shoka la marehemu mumewe bila kulisoma, aweza kupoteza chombo ambacho kingemlisha mwanawe miaka mingi. Yule mwanafunzi wa nabii Elisha alilia shoka lake lilipozama mtoni, tena lilikuwa la kuazima!

Basi, lisomwe namna gani? Usilisugue shavu kwa tupa wala jiwe, maana alama ikiisha kufutika hairudi. Lilaze ndani ya siki usiku mmoja, ulisugue kwa brashi, ulioshe, ulikaushe, ulipake mafuta kidogo. Kisha pitisha chaki na kupangusa: unga hubaki ndani ya herufi. Litazame jioni, nuru ikilipiga ubavuni.

Tarakimu si mwaka kila mara. Juu ya shoka la Marekani, 3 na 8 huweza kuwa ratili 3 na aunsi 8. Alama ya mshale mpana juu ya shoka la Uingereza yaonyesha mali ya serikali. Hapo tarakimu kama 1943 ni mwaka kweli, na shoka huenda lilikuwa la askari.

Lakini alama inayotufurahisha kuliko zote ni ya Collins. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1826 katika Connecticut, Marekani, na kijiji chake kikaitwa Collinsville. Mashoka yake yaliandikwa Hartford, mji wa karibu uliojulikana zaidi. Yalisifiwa mpaka Amerika ya Kusini, ndipo wakatokea wezi wa jina: mafundi wa Uingereza walipiga neno Collins juu ya vyuma vyao wenyewe. Kampuni ikawashitaki huko huko Uingereza, na mwaka 1857 hakimu alikubali kwamba hata kampuni ya nchi ngeni yaweza kuzuia udanganyifu huo. Baadaye ilitumia picha ya taji, na mkono wenye nyundo ukitoka ndani yake, pamoja na neno LEGITIMUS. Sisi tuliohangaika na Kilatini seminarini hatukutazamia kukikuta juu ya shoka! Maana yake ni halali, kama tusemavyo mtoto wa ndoa. Kiwanda cha Collinsville kilifungwa mwaka 1966.

Tena jina peke yake lisikutoshe. Gusa makali kwa tupa, polepole: ikiteleza, chuma ni kigumu; ikikwangua kwa urahisi, ni chuma laini au kiliwahi kuungua motoni, hata kama kina taji.

Mashoka ya wahunzi wetu hayana herufi. Ulimi wa chuma hupenya ndani ya kirungu cha mpini, wala hayana tundu kama ya Ulaya. Ukilikuta moja nyumbani, waulize wazee mhunzi alikuwa nani, ukaandike jina lake kwenye daftari kabla hawajafariki.