Tenga Chini ya Meza

Juzi, tukitoka Soko la Chifu Kingalu, mjukuu wangu aliniuliza: “Bibi, kumbe mama yako naye alikuwa singo maza?”

Neno hilo liliniuma. Kule Ruvuma, mlimani juu ya mji wa Morogoro, hakuna aliyemwita mama hivyo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba la magimbi lilikuwa la ukoo wake, na mjomba ndiye aliyesimamia karo na mahari zetu. Baba aliondoka, lakini mama hakubaki peke yake.

Alfajiri alishuka na tenga la mboga kichwani, mdogo wangu mgongoni, mimi nyuma nimeshika ncha ya kanga. Mimi nasema ni 1968, dada anashikilia ni baadaye. Hesabu hiyo nimemwachia.

Soko la zamani lilikuwa na bibi mmoja muuza nazi. Chini ya meza yake aliweka tenga tupu, ndani ametandika kanga kuukuu, na humo walilala watoto wa wauzaji, siku nyingine watatu, miguu imepishana. Alikuna nazi huku unyayo wake ukilisukuma tenga taratibu. Mpaka leo, harufu ya machicha ikichanganyika na giligilani hunitia usingizi. Hakudai senti. Mama akimwachia fungu la karoti, alilipokea bila kulitazama.

Mimi nilizaa wawili nikiwa kiwandani. Mjomba yuko mlimani, mimi nimepanga chumba Mji Mpya. Msimamizi aliniambia nichague mashine au titi. Nikawa nakamulia maziwa chooni. Kuhusu baba yao, sheria ya wakati ule ilimpangia mwisho shilingi 100 kwa mwezi, na ikabaki hivyo hadi Sheria ya Mtoto ya 2009, wakati hazinunui hata kilo ya sukari! Kazi ilipokwisha nikauza vitumbua. Wakakua.

Binti yangu ana sheria ya ajira ya 2004: likizo ya siku 84, kisha hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Lakini ofisi iko mjini, mtoto yuko Kihonda na dada wa kazi, naye ni mtoto wa watu. Saa hizo zinaishia barabarani.

Soko jipya, hilo la Chifu Kingalu, lilifunguliwa 2021. Nilizunguka vizimba nikitafuta ilipokuwa meza ya nazi, sikupajua.

Mjukuu akauliza tenga lilikuwa kubwa kiasi gani. Nikaweka mfuko wa nyanya chini, nikamwonyesha kwa mikono.