Sketi ya Mskoti

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka, nisikilize mpaka mwisho. Mimi ni mwanaume mzima, ndevu ninazo, chache lakini zipo, na mwezi uliopita nilinunua sketi. Si ya dada, si ya mchumba. Yangu mwenyewe. Na pesa niliyoinunulia haikuwa yangu. Ilikuwa ya dawa ya kuogeshea mbuzi wa babu.

Ngoja nianze mwanzo, maana jambo lenyewe lina mizizi.

Kwetu ni Samunge, kijiji cha Wasonjo kule Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Jina hilo ulilisikia mwaka 2011 hata kama umesahau. Ndipo alipoishi Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yule Babu wa Loliondo, aliyekuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikifumba macho nayaona magari: mabasi, landrova, pikapu, yamepangana kilomita kwa kilomita, na watu wamelala chini ya uvungu wake. Wengi walirudi kwao na ugonjwa wao. Wengine hawakurudi, walifia palepale kwenye foleni. Mchungaji naye alifariki Julai 2021, na barabara yetu imerudi kuwa ya mbuzi.

Mimi kilichonibakia ni kanga. Mama alikuwa akiwauzia uji watu wa foleni. Siku moja mama mmoja wa pwani alikunywa vikombe viwili, cha tatu akampelekea mumewe aliyelazwa nyuma ya pikapu, kisha akagundua pesa imekwisha. Alikuwa na doti nzima ya kanga. Akaichana pale kwenye pindo, upande mmoja akampa mama, upande wa pili akaenda kumfunika mumewe. Mama hakutaka kuupokea, lakini yule mgeni akasema deni la chakula halilali. Kesho yake gari lao halikuwepo. Upande ule wa kanga nikauomba mimi. Mama akacheka, "Mtoto wa kiume na kanga wapi na wapi?" lakini akanipa.

Basi hiyo ndiyo nguo ya kwanza. Zikafuata nyingine. Kikoi alichokisahau dereva wa Mombasa. Kitenge cha Urafiki cha marehemu bibi, kimepauka hadi maua yake yanaonekana kama madoa ya chai. Shuka nyekundu ya drafti ya kaka yangu aliyekwenda Arusha kulinda geti la watu, akarudi na kikohozi. Zote ni nguo za kujifunga, hazina kifungo wala zipu, na zote nimezilaza ndani ya tranka langu la bweni. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakaja na Divisheni Foo, tranka ndilo kitu pekee cha maana nilichorudi nacho nyumbani. Tranka na kauntabuku.

Nikufichie nini? Ninaandika riwaya. Niko ukurasa wa arobaini huu mwaka wa pili. Kila nikikwama nafungua tranka, natoa nguo moja, nainusa, naandika ukurasa. Washikaji wangu wanasema nimerogwa. Mimi nawaambia wengine wanakusanya stempu.

Sasa turudi kwenye sketi. Babu (babu yangu mimi wa kunizaa, si yule wa kikombe) alinipa shilingi elfu kumi na tano niende Wasso nikamletee dawa ya kupe. Nikafika sokoni. Nikasema nipite kwenye mitumba mara moja tu, macho hayana pazia. Ndipo nikaiona, imebanwa katikati ya makoti. Nzito kama blanketi, sufu tupu, drafti za kijani na bluu iliyokolea, mikunjo nyuma imepangwa kama kurasa za kitabu, ubavuni ina mikanda midogo ya ngozi na bakoli zake. Ndani lebo inasema imetengenezwa Scotland.

"Hiyo sketi ya shule dogo, mpelekee sista," muuzaji akaniambia.

"Hii ni kilti," nikamjibu. "Wanaume wa Uskoti ndo wanavaa."

Akaniangalia. Kwa kujifanya najua, bei ikapanda palepale kutoka elfu nane hadi elfu kumi na mbili. Mwandishi mwenzangu, jifunze kwangu: sokoni usionyeshe elimu. Nililipa. Nikarudi Samunge na kilti, chenji ya nauli, na moyo unadunda kama ngoma ya mavuno.

Usiku ule sikulala. Nikawasha simu, bando limebaki kidogo, nikasoma habari za kilti. Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani kule Uskoti kushindwa vitani Culloden, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wao kuvaa mavazi yao. Kosa la kwanza, kifungo cha miezi sita. Kosa la pili, kupelekwa ng'ambo ya bahari miaka saba. Walioruhusiwa ni wale tu waliokuwa askari katika jeshi la mfalme. Sheria ile ilifutwa mwaka 1782. Halafu sikiliza kituko: mwaka 1822 mfalme mwenyewe, George wa Nne, alikwenda Edinburgh na huko akavaa kilti! Nguo iliyokuwa kosa la jinai imegeuka pambo la ikulu. Na zile drafti ambazo kila ukoo unadai ni zake tangu zama za mababu, nyingi zilipangiwa majina ya koo katika karne ya 19.

Asubuhi babu akauliza dawa iko wapi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Dawa iko wapi?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Sikuwa na uongo uliokuwa tayari, nikaingia ndani nikatoka na kilti, nikaiweka mapajani pake. Babu ana miaka karibu themanini na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliisoma kwa vidole. Akahesabu mikunjo. Akavuta mkanda wa ngozi. Mimi nikawa naongea mfululizo kama redio, namsimulia Culloden, sheria, miezi sita, miaka saba, mfalme. Tunaongea Kisonjo, hapa nakutafsiria. Nilipofika kwenye sheria akaninyamazisha kwa mkono.

"Na hawa nao walivuliwa?"

"Ndiyo babu."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

Mwaka 1967 ilianza kampeni mkoani Arusha ya kuwavua Wamaasai lubega na ngozi na kuwavika kile kilichoitwa nguo za kisasa. Sisi tunavaa shuka kama wao, na mtu wa mjini hakuwa na muda wa kuuliza huyu Mmaasai au Msonjo. Mwaka uliofuata babu alipata habari kwamba mdogo wake amelazwa hospitali Arusha. Akatembea siku nne hadi Mto wa Mbu akapande basi. Konda akamtazama kuanzia shingoni hadi miguuni akasema, "Uchi haupandi humu." Basi likaondoka, vumbi likabaki. Pale stendi palikuwa na mzee mmoja mwenye akili ya biashara, anakodisha suruali. Unalipa, unavaa, unakwenda mjini, ukirudi unamrudishia. Babu hakuwahi kuvaa suruali maishani mwake. Aliivaa nyuma mbele.

"Nikafika hospitali," babu akasema. "Mdogo wangu akanitazama kama mgeni. Aliponitambua akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nesi akaja. Akaniambia, kaka, umeingia kwenye magunia mawili. Siku tatu baadaye akafa. Kicheko kile ndicho alichoniachia."

Sikujua niseme nini. Shuleni tulifundishwa kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na sote tuliicheka methali ile. Siku ile haikunichekesha.

Nikamwambia, "Babu, lakini shuka ni asili yetu, walikosea kuwavua."

"Asili?" akasema. "Baba yangu alivaa ngozi. Shuka ililetwa na wenye maduka. Mimi sikukasirika kwa sababu ya asili. Nilikasirika kwa sababu aliyeniambia vua hakuwa mama yangu wala mke wangu."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimejaza kurasa arobaini za riwaya na neno asili limo karibu kila ukurasa. Siku ile ndo nilijua kwa nini nimekwama. Nilikuwa naandika habari za nguo kongwe, wakati habari yenyewe ni ya mkono unaovua. Leo shuka ileile iko kwenye mabango ya watalii, na walinzi wa hoteli wanaamriwa waivae kazini. Mfalme George angeelewa. Wanaokuvua na wanaokuvika kwa amri ni ndugu.

Babu akanyanyuka, akaingia ndani. Nikamsikia anahamisha mizinga ya nyuki na kukohoa vumbi. Akatoka na kifurushi cha gunia. Ndani mlikuwa na suruali ya kaki, goti moja limetobolewa na panya, kifungo kimoja kimebaki.

"Hukuirudisha?" nikamuuliza.

"Nilirudi kwa njia nyingine," akasema. "Yule mzee wa stendi ananingoja mpaka leo. Kwa hiyo usijione wewe ndiye mwizi wa kwanza wa nguo katika ukoo huu."

Akaiweka juu ya kilti. Mzee na mjukuu tukacheka, yeye akacheka hadi akakohoa, nami nikashtuka, nikanyamaza kabla yake.

Msamaha sikupata bure, usidhani. Dawa nililipa kwa jasho: nimesafisha mfereji wa shamba lake kuanzia mtoni hadi kwenye mtama, wiki mbili, na pesa niliyopata kwa kibarua cha jirani imekwenda Wasso ikarudi na dawa. Mbuzi wameogeshwa. Mmoja alikuwa ameanza kudhoofika kwa kupe, na kila nikimtazama nakumbuka bei ya kilti.

Suruali iko ndani ya tranka sasa. Ni nguo ya kwanza yenye kifungo kuingia humo, na sikuona sababu ya kuikatalia. Nimeilaza kati ya kilti na ule upande wa kanga. Ule wa pili sijui uliishia wapi, kama mume yule aliamka nao au alizikwa nao. Riwaya nimeianza upya. Ukurasa wa kwanza kuna kijana amesimama stendi ya Mto wa Mbu, basi limeondoka, na mzee mmoja anamwonyesha suruali. Niko ukurasa wa sita. Nikikwama tena nitamwomba babu ashike kalamu.