Kola Ilibaki

Joto la kaskazi likipamba moto Dar es Salaam, shati la mikono mirefu na tai ni adhabu ambayo mtu anajipa mwenyewe. Mimi huvaa fulana ya kola, ile ambayo wachapaji wa nembo huiita fomu siksi: unaipitishia kichwani, vifungo viwili au vitatu kifuani, mikono mifupi, basi. Naipenda kwa wepesi wake, na zaidi kwa busara iliyoizaa.

Busara hiyo ilikuwa ya mcheza tenisi wa Ufaransa, René Lacoste. Zama zake wachezaji waliingia uwanjani na suruali ndefu nyeupe na mashati ya mikono mirefu, wakaikunja mikono na kukimbizana juani hivyo hivyo. Ndiyo ilikuwa heshima ya mchezo. Mwaka 1926, kwenye mashindano ya ubingwa wa Marekani, Lacoste alivaa shati la pamba iliyofumwa, lenye mikono mifupi, na ubingwa akautwaa. Mwaka 1933 yeye na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufuma, wakaanza kuliuza likiwa na mamba kifuani, kwa kuwa Mamba lilikuwa jina la utani la Lacoste.

Kinachonivutia ni jinsi alivyopunguza. Mikono mirefu ilimsumbua, akaifupisha. Vifungo vya hadi kiunoni havikuwa na kazi, vikabaki vichache. Kitambaa kikawa cha vitundu vidogo vidogo vinavyopitisha hewa. Kola hakuitoa, aliilainisha, iweze kuinuliwa na kukinga shingo na jua.

Kola hiyo ndiyo inayoifanya fulana hii ikubalike hata kwenye kikao cha wakubwa. Wachaguaji wazoefu wa mitumba pale soko la Karume wanalijua hilo: mkono wa kwanza huenda kwenye kola, na iliyojikunja huachwa hata kama kitambaa bado kizima.

Nimekuwa nikizitazama desturi zetu kwa jicho hilo la Lacoste, la kujua nini cha kukata na nini cha kubakiza. Chukua harusi. Kuna vikao vya kamati visivyokwisha, kadi za michango, ukumbi wa gharama, sare za wapambe, na mwisho maharusi wanaanza maisha na madeni. Vijana waliochoka wanasema tuachane na yote, twende tukasaini cheti tu. Wazee wanasema hapana, lisiguswe hata moja. Nadhani pande zote mbili zimekosea kipimo. Posa, wazee wa pande mbili kuketi pamoja, ndugu kula sahani moja: hiyo ni kola. Ukumbi wa kukopea ni mikono mirefu.

Ndivyo ilivyo hata kazini, kwenye mikutano inayoitwa kwa sababu tu Jumatatu imefika, na nyumbani, kwenye sebule ya wageni ambayo watoto hawaruhusiwi kuikanyaga.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga, na ni kweli. Lakini anayebeba mila na kila mzigo uliorundikwa juu yake ni mtumwa pia, tena wa hiari. Kabla hujaitupa desturi, na kabla hujaitetea, iulize kila sehemu yake inafanya kazi gani. Isiyo na kazi ikate bila kuona haya. Yenye kazi ilainishe, uendelee kuivaa.