Gari Huulizwa Likiwa Baridi

Ndugu msomaji, kuna aibu za mchana ambazo kila mpita njia huziona, na kuna aibu za alfajiri azijuazo mwenye nyumba peke yake. Leo twataka kuzungumza nawe juu ya aibu moja ya alfajiri, nayo ni ya motokaa. Huenda ukauliza: motokaa na mafunzo, wapi na wapi? Tusikilize kwanza, kisha uhukumu.

Shemeji yangu ni mtu wa Tanga aliyehamia Kasulu kwa biashara ya maharage. Gari lake la petroli alitoka nalo pwani, na huko halikumsumbua hata siku moja. Lakini Kasulu na Kibondo si Tanga. Huko ni nyanda za juu za Kigoma, zaidi ya meta elfu moja juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai alfajiri yake haitoshi shuka moja. Nilipokwenda kuwatembelea nililiona mwenyewe. Likiwashwa baada ya swala ya alfajiri lilitetemeka kama mwenye homa, mngurumo ukipanda na kushuka, mara likizimika. Injini ikishapata moto, likatulia kama halikuwa na neno.

Watu walisema mengi. Wengine wakasema magari ya pwani hayaiwezi baridi ya Uha. Fundi mmoja akabadilisha plagi, wa pili akabadilisha pampu ya petroli, wa tatu betri. Kila mmoja alichukua fedha yake, na kila alfajiri gari likatetemeka vile vile. Faida ya magunia ya maharage ikaishia gereji, hali karo za watoto zangojea.

Hapo akatokea dalali na shauri lake. "Bwana, liuze. Mnunuzi mwambie aje saa nne. Wewe liwashe tangu saa tatu. Akija atalikuta limetulia kama maji ya mtungini."

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kisa. Katika shauri lile hapakuwa na neno hata moja la uwongo ambalo ulimi ungelitamka. Lakini sheria yetu humtaka muuzaji aidhihirishe aibu ya bidhaa aijuayo, na mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha alichouziwa. Kunyamaza nako ni kughushi. Dada yangu ndiye aliyelikata shauri: "Na huyo mnunuzi naye ana mke wa kumpeleka hospitali usiku." Shemeji akamrudisha dalali.

Akatajiwa fundi mmoja mzee wa Kibondo, tukamwendea. Mzee yule hakugusa spana. Aliuliza: Latetemeka saa ngapi? Kwa muda gani? Likizimwa mchana na kuwashwa tena, je? Kisha akasema, "Liacheni lilale hapa. Gari huulizwa likiwa baridi."

Alfajiri alifungua boneti, akaliwasha, akatega sikio. Akanyunyiza maji kidogo kidogo juu ya mipira ya njia ya hewa. Alipofika kwenye mpira mmoja mwembamba nyuma ya injini, mngurumo ukabadilika. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa uzee, una ufa kama unywele.

Akatueleza kwa upole. Injini hula petroli na hewa kwa kipimo. Penye ufa huingia hewa isiyopimwa, petroli ikawa haba, na injini ikakosa nguvu ya kuzunguka sawasawa. Ikipata moto, mpira hulainika na kutanuka, ufa ukajifumba. Tena katika bomba la moshi mna sensa inayopima hewa iliyosalia katika moshi, na kompyuta ya gari huongeza petroli kwa ushahidi wake. Lakini sensa hiyo haifanyi kazi mpaka ishike moto. Basi asubuhi gari halina wa kulisahihisha. Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo mno, na mzee alichukua ujira wa saa moja tu.

Ufa ule haukuzaliwa Kasulu. Ulisafiri nasi kutoka pwani, ambako joto la alfajiri liliusitiri. Baridi ya Uha iliudhihirisha tu, nasi tukaisingizia nchi ya watu.

Basi, ewe msomaji mwenye gari, shika haya. Kwanza, anza na kisichogharimu: sikiliza kama pana sauti ya hewa kufyonzwa, utazame mipira na filta ya hewa, kwani vumbi la bara huiziba upesi. Pili, lango la hewa likishikwa na masizi lisafishwe, na plagi zitazamwe kabla ya kununuliwa mpya. Tatu, ujue wapi wanunua petroli. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, injini baridi ndiyo ya kwanza kulalamika. Ughushi huo ulienea hata mwaka 2010 EWURA ikaanza kutia alama katika mafuta ili uchanganyaji ujulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchanganyaji asipate faida. Nne, ukienda kununua gari, fika mapema, uweke mkono juu ya boneti. Ukiikuta ina moto, omba urudi kesho.

Na kwa sisi sote, wenye magari na wasio nayo: mtu akibadilika ugenini au katika dhiki, tusikimbilie kuilaumu nchi, wala jirani, wala mke. Tumuulize lini, na kwa muda gani, na tuwe na subira ya kungoja alfajiri. Mafundi watatu walikuwa na spana. Wa nne alikuwa na swali. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzijua aibu zetu kabla ya kuwauzia wenzetu. Amin.