Kimbunga Kilichotukuta Barking

London nilikwenda kwa harusi ya mpwa wangu, na harusi ilifana. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya alasiri, biriani likatosha na kubaki, wapiga picha wakatufanyia kero yao, tukalala. Mto Thames nimeuona, saa kubwa nimeiona, na treni za chini ya ardhi nimezipanda mpaka zikanichosha. Hayo wamekwisha kuyaandika wengine. Kilichonifanya nishike kalamu ni siku chache za mwanzo wa Mei 2024 nilizokaa sebuleni kwa dada yangu, Barking, mashariki ya jiji, nikigombana na watu ninaowapenda juu ya kimbunga kilichokuwa katika Bahari ya Hindi.

Wiki ile Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilianza kwa kutaja mgandamizo mdogo wa hewa mashariki ya pwani ya Mtwara. Mara mgandamizo ukawa kimbunga kamili, kikaitwa Hidaya, kikashika njia ya Mafia. Nchi yenyewe ilikuwa imekwisha kulowa. Masika yale yalikuja juu ya El Niño, na siku si nyingi kabla yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mvua na mafuriko. Kenya nako Rais William Ruto aliahirisha kufunguliwa kwa shule. London walikuwa na uchaguzi wao wa meya, ambao Sadiq Khan alishinda kwa mara ya tatu, lakini kwa dada yangu hakuna aliyeujali. Televisheni iliwaka bila sauti. Sauti zote zilikuwa za simu.

Kundi letu la WhatsApp la ukoo lina watu wa Unguja, Mafia, Dar es Salaam, Maskati na London. Ungedhani walio kwenye njia ya kimbunga ndio wangepiga kelele. Wapi! Kelele zilitoka Barking. Mpwa wangu mdogo alileta video ya minazi iliyopinda hadi chini, maji yako barabarani, bati linapaa angani, na chini yake imeandikwa: “Mafia sasa hivi! Ya Rabbi tustiri!” Nikaiangalia, nikaiangalia tena. Magari yote mle ndani yalikuwa yanakwenda mkono wa kulia.

“Hii si kwetu,” nikamwambia. “Sisi tunaendesha kushoto.”

“Hata kama si kwetu, mjomba, si ndiko kinakokwenda?”

Kufumba na kufumbua ilikuwa imekwisha kufika Maskati, na kutoka Maskati ikarudi Unguja, ambako shangazi yetu mwenye presha aliitazama, akalazwa kitandani kwa wasiwasi. Mbingu ya Unguja saa hiyo ilikuwa na mawingu tu.

Aliyekuwa ametulia peke yake ni mkwewe dada, bibi wa Ng'ambo, aliyekaa karibu na bomba la joto na tasbihi yake. “Msijisumbue,” akasema. “Zanzibar haipatwi na kimbunga. Imezungukwa na mawalii.”

Shemeji, aliyekuwa mwalimu kabla hajahamia Uingereza, hakuweza kunyamaza. “Mama, tarehe 15 Aprili 1872 kimepiga Unguja. Sayyid Barghash hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Merikebu zake zilivunjikia bandarini, na mikarafuu ya Unguja ikang'olewa shamba kwa shamba. Pemba ikasalimika. Ndiyo maana mpaka leo ukitaja karafuu unaitaja Pemba.”

Bibi akavuta tasbihi punje mbili tatu. “Basi mawalii wenyewe walikuwa bado hawajazaliwa.”

Tulicheka, lakini imani ya bibi ndiyo imani ya wengi wetu, wasomi na wasiosoma. Tumezoea kuambiwa kuwa vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Kwa kiasi kikubwa ni kweli: karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo ukawa kimbunga, na vingi vinavyozaliwa vinapinda kusini. Lakini nadra si muhali. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth alishukia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Na Aprili 2021 alikuja Jobo, akitazama Dar es Salaam, watu wakatangaziwa, wakajiandaa, naye akafifia kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Huyo Jobo, kwa maoni yangu, ndiye aliyetuharibu. Tangu siku ile kila tangazo la upepo lina mcheshi wake anayeuliza, “Huyu naye atafia njiani?”

Ijumaa jioni, Mafia ikiwa saa mbili mbele yetu, tukampigia ami yetu. Ni mdogo wake marehemu baba, mvuvi, na nyumba yake iko upande wa Kilindoni, hatua chache kutoka ufukweni. Dada aliisimamisha simu kwenye chupa ya chai, akafungua sauti, sote tukazunguka meza.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, wanangu. Harusi vipi? Mmekula mkashiba?”

“Ami, harusi imekwisha. Mnahama lini?”

“Tunahamia wapi?”

“Dar! Au mvuke mwende Nyamisati. Popote.”

“Hakuna chombo kinachotoka. Na atakayetoka usiku huu na dau kwenda Nyamisati, huyo ndiye wa kumlilia.”

Dada hakukata tamaa. Alikuwa na orodha aliyoiandika nyuma ya bahasha ya harusi: maji ya chupa, betri, tochi, vyakula vya makopo vya siku tatu. Akamsomea yote. Ami akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu kabisa kama hayo makopo yataletwa na nani.

Hapo ndipo nilipokasirika, na dada anajua kuwa nilikasirika. Si kwa sababu hampendi ami. Ni kwa sababu ndani ya dakika kumi hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye amefanya nini. Ukiwa mbali unajiona wewe ndiye unayeona, kwa kuwa una intaneti ya kasi na ramani yenye rangi nyekundu. Aliyeko kule tunamhesabu kuwa hajui, anangoja kuzinduliwa. Nikaivuta simu upande wangu.

“Ami, mpaka saa hizi umefanya nini?”

Akashusha pumzi, kama mtu aliyeulizwa hatimaye. Dau wamelivuta tangu asubuhi, watu wanane, mpaka juu kupita alama ya bamvua kubwa kabisa. Tanga limefunguliwa, mlingoti umelazwa, mashine imechukuliwa ndani. Hawakulifunga kwenye mnazi, wamelifunga kwenye mkungu, kwa sababu mnazi ukianguka unakivunja chombo. Vijana wamepanda minazi iliyo karibu na nyumba, wameangua nazi zote na kukata makuti makavu, maana nazi ikirushwa na upepo haichagui kichwa. Madumu yote yamejazwa maji na kisima kimefunikwa. Hati ya kiwanja, vyeti vya watoto na msahafu vimo ndani ya nailoni mbili, zimefungwa kwa uzi wa mshipi. Mama mdogo na wajukuu watalala skuli, kwenye jengo la zege.

“Na jambo moja la kumshukuru Mungu,” akaongeza. “Leo mwezi ishirini na ngapi huo? Maji bado ni mafu. Kingekuja wiki ijayo kikakutana na bamvua, bahari ingeingia mpaka sokoni.”

Jambo hilo halikuwamo katika video yoyote. Shemeji alifungua kalenda ya simu yake: mwezi ulikuwa umepita robo ya mwisho siku mbili nyuma, na mwandamo ungekuwa wiki inayofuata. Ami alikuwa sahihi, naye hakutazama kalenda.

Kisha dada akauliza kwa sauti ndogo, “Na bati, ami?”

Nikafahamu. Nyumba ile ilikuwa ya makuti. Ni dada aliyepeleka fedha za kuiezeka bati, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwenye mshahara wa kuwatunza wazee wa Kiingereza usiku. Kila mtu kwenye ukoo anajua kuwa bati liking'oka kwa upepo ni panga. Alikuwa amekaa na wazo hilo peke yake tangu asubuhi, na orodha yote ile ya makopo ilikuwa ya kulizunguka.

“Bati lako nimelilaza mifuko ya mchanga,” ami akasema. “Na nimepitisha kamba ya nanga juu, huku na huku, nikaikaza chini kwa vigingi. Likikaa litakaa. Likiondoka hatutakuwamo. Usilale na hilo, mwanangu.”

Hasira yangu iliishia hapo. Dada alikwenda jikoni, akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

Jumamosi alfajiri umeme ulikatika Tanzania, na Visiwani pia. Simu ya ami ikawa haipatikani. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kundi la ukoo, ambalo juzi halikuwa na nafasi ya kupumua, likanyamaza upande mmoja na kupagawa upande wa pili. Shemeji aliona afadhali anitoe nje, akanipeleka Woolwich kuliona lango la Thames.

Ni milango kumi ya chuma iliyokatiza mto, na kati ya mlango na mlango pana vibanda vinavyong'aa. Mwaka 1953 Bahari ya Kaskazini iliingia nchini usiku na kuua watu 307 Uingereza. Baada ya hapo walibishana, wakapima, wakajenga, na mwaka 1984 lango likafunguliwa rasmi. Tangu hapo limefungwa zaidi ya mara 200 kuyazuia maji. Nikamuuliza shemeji kama amewahi kumsikia mtu wa London akilalamika kwamba wamefunga bure na maji hayakufika mlangoni kwake. Akafikiri. Hajawahi.

Tuliporudi tulimkuta jirani, mzee wa Kiingereza, ameleta kadi ya kuwapongeza maharusi. Alipoambiwa kwa nini nyumba imepoa, akatusimulia ya Oktoba 1987. Mtangazaji wa hali ya hewa wa BBC, Michael Fish, alisema kwenye televisheni kwamba kuna mama amepiga simu kuuliza kama kimbunga kinakuja, akawatoa watu hofu kwamba hakiji. Usiku ule dhoruba ikapita kusini mwa Uingereza, ikaua watu 18 na kuangusha miti karibu milioni 15. Bustani ya Kew peke yake ilipoteza miti kama 700. Kwa haki, Fish alisema pia kuwa upepo mkali unakuja, lakini hilo hakuna anayelikumbuka. Wanamcheka mpaka leo.

Jumapili asubuhi simu ya ami ikaita. Wamelala, wameamka. Bati moja limekwenda kwa jirani na limerudishwa. Mamlaka ilikuwa imekwisha kutangaza kuwa Hidaya alipoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu Mafia. Bibi akasema ni mawalii. Dada akapiga vigelegele, akapika urojo. Kabla bakuli halijajaa, ujumbe wa kwanza ukaingia kutoka Unguja: “Wametutisha bure. Boti wamezuia, biashara imelala, upepo wenyewe wa kupepea vitumbua.” Vikafuata vicheko, mpaka kwa wale wale waliosambaza minazi ya kuazima.

Mimi sikucheka. Saa hizo hizo, kusini ya pale, mvua ya Hidaya ilikuwa imekata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, Kilwa, magari yamekwama kwa mamia na mikoa ya kusini imefungiwa nje. Kwa watu wa huko kimbunga hakikuwa bure. Na kabla Mei haijaisha kimbunga kingine, Ialy, kikapanda kaskazini hadi bahari ya Kenya, karibu zaidi na ikweta, mahali tulipoambiwa vimbunga havifiki.

Mtabiri wa hali ya hewa anaweza kukosea namna mbili: aseme kinakuja kisije, au aseme hakiji kije. Kosa la kwanza linatugharimu siku moja ya boti na mifuko michache ya mchanga. La pili lilimkuta Barghash bandarini. Kwa hiyo nawaomba, ndugu wa Visiwani na wa mwambao: siku nyingine boti ikizuiwa, msitukane. Na sisi tulio mbali, kabla hatujatuma video, tupige simu tumuulize aliyeko kule amefanya nini na amepungukiwa na nini. Akisema kamba, apelekewe fedha za kamba.